KUONDOA KALAFATI ILIYOPOTEA NJIA BILA KUJERUHI CHOMBO

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Vyombo mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria, na wale waliohudhuria lakini walikaa nyuma wakiongea. Anayesoma vizuri amsomee mwenzake. Tafadhali usichane karatasi.)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo dogo. Wengine walicheka waliposikia ajenda ikisomwa. Wakasema, "Kukwangua lami nako ni jambo la mkutano?" Tunajibu kwamba ndiyo, ni jambo la mkutano. Tena lingesemwa mapema, tusingepoteza tulichopoteza.

1. YALIYOTUPATA

Wote mnaujua mtumbwi wetu wa dagaa. Mnajua pia kwamba siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, maana taa haina nguvu mbele ya mwezi. Siku hizo ndizo za kushona nyavu na kurekebisha vyombo. Basi katika mbalamwezi moja ya kiangazi tuliuvuta mtumbwi nchi kavu pale mwaloni. Mbao zilikuwa zimekauka kwa jua na mishono imeachia. Tukatia pamba mpya, tukapaka lami ya moto. Halafu juu ya lami tukaongeza silikoni ya kwenye mrija iliyonunuliwa Bukoba mjini. Tulidhani viwili ni bora kuliko kimoja.

Silikoni haikushika juu ya lami. Iliteleza, tukaisukuma kwa vidole, ikatapakaa. Lami nayo ilikuwa imechuruzika. Kulipokucha tukaona ubavu mzima umechafuka, na namba ya usajili haisomeki. Chombo kisichosomeka namba kikikutana na wakaguzi, mazungumzo yake mnayajua wenyewe.

Hapo haraka ikatuingia. Mmoja akashika panga, mwingine patasi, mwingine kipande cha chupa. Tukakwangua mpaka mbao ikawa nyeupe. Namba ikaandikwa upya, rangi ikapakwa, tukapongezana. Kumbe chini ya ile rangi tulikuwa tumechimba mfereji kando ya mshono, na pamba tuliyoitia jana yake tulikuwa tumeikata na kuivuta nje.

Usiku wa tatu wa giza, vijana watano wakiwa majini, maji yakaanza kuingia. Mwanzo walidhani ni maji ya wavu. Baadaye taa ikawaonyesha kwamba wamesimama katika maji ya kufika kifundo cha mguu. Wawili wakachota na kumwaga, watatu wakashika makasia. Chombo kilipozidi kuwa kizito walimwaga dagaa wote waliokwisha kuwapata. Walifika alfajiri mikono imevimba. Akina mama waliokuwa wakingojea kununua na kuanika hawakupata hata kopo moja. Lakini watu wote watano walirudi, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Sisi wa Kagera hatuna haja ya kuhadithiwa ziwa ni nini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupita Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Ile ilikuwa na sababu zake nyingine, wala haikuwa kalafati. Ila mtu aliyewahi kungoja mwaloni bila kumwona anayemngoja, hawezi kusema kwamba tundu la maji ni jambo dogo.

Siku iliyofuata yakaanza maneno ya chini chini: fulani ndiye aliyeshika panga, fulani alipe. Kamati inasema waziwazi hapa: hakuna fulani. Panga alilishika mmoja, lakini sisi sote tulisimama pale tukimwambia, "Kwangua zaidi, bado inaonekana!" Kosa ni letu sote, na somo ni letu sote.

Somo lenyewe ni hili, na atakayesahau mengine yote alishike hili: Uchafu juu ya ubao hauzamishi chombo. Kinachozamisha ni jeraha.

2. KALAFATI NI KITU GANI

Kalafati ni neno la watu wa pwani. Ni kile kinachosindikwa katika mshono baina ya ubao na ubao ili maji yasipite. Mafundi wa majahazi husindika pamba iliyolowa mafuta, wakaigonga kwa patasi butu na nyundo ya mti. Huku kwetu babu zetu walikuwa na amato ya kushona. Mbao zilifungwa kwa kamba za nyuzi za miti, kama ile mitumbwi mashuhuri ya visiwa vya Sese upande wa Uganda. Misumari ilikuja baadaye. Leo mitumbwi yetu ya mbao imepigwa misumari, mishono inatiwa pamba, juu inapakwa lami au puti, na mara nyingi inafunikwa na ukanda wa bati.

Hapa kuna jambo la kuelewa. Mbao ni kama sifongo. Ikikauka hunywea, ikilowa huvimba. Mshono unaouona una nafasi leo nchi kavu, kesho majini unajibana wenyewe. Kwa hiyo kalafati nzuri ni ile iliyo laini na ya kiasi. Ukiijaza kupita kiasi mbao zikiwa kavu, siku zitakapovimba zitasukumana na kung'oa misumari. Na kilichozidi kitasukumwa nje kama uji unaofurika chungu.

3. KABLA YA KUGUSA, ULIZA: LAZIMA ITOKE?

Hatusemi kila doa liondolewe. Tuliharibu chombo kwa kupenda kionekane kipya. Yafaa kuiondoa kalafati iliyokaa pasipo pake kwa sababu hizi:

(a) Inaficha namba ya usajili.

(b) Unataka kupaka rangi. Rangi haishiki juu ya silikoni, inajikunja kama maji juu ya jani la mgomba. Na ukipaka rangi ya mafuta juu ya lami, weusi wa lami utapenya na rangi itageuka kahawia. Kuficha hakusaidii.

(c) Ni donge linalokwaruza miguu au kunasa wavu.

(d) Inafunika mahali unapotaka kukagua, kwa mfano kichwa cha msumari kilicholiwa na kutu, au ubao unaoshukiwa kuoza.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hizo, iache. Doa la lami chini ya mtumbwi halimdhuru mtu.

Na ile iliyosukumwa nje na mbao zilizovimba si kosa la fundi. Usiichimbe. Subiri chombo kilowe kabisa, kisha kata kile kilichozidi tu, sawasawa na uso wa ubao. Ukiikata mapema au kuivuta, mbao zikinywea tena utabaki na ufa.

4. IJUE KWANZA NI AINA GANI

Mganga hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa. Juu ya vyombo vyetu kuna aina nne, na kila moja ina tabia yake.

LAMI ni nyeusi. Adhuhuri inanata, asubuhi ya baridi ni ngumu na hukatika. Ukiigusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa, kitambaa kinapata rangi ya kahawia.

PUTI ni kama unga uliokandwa kwa mafuta. Ikizeeka hupasuka na kumeguka.

SILIKONI ni kama mpira laini. Ukiivuta inanyooka, ukiiachia inarudi. Mafuta ya taa hayaiyeyushi.

GUNDI YA MPIRA ya madukani, ile ya kuunganishia na kuzibia, nayo inafanana na silikoni kwa macho. Lakini hii inashika mbao kama kupe anavyoshika ng'ombe. Ukiinyofoa, inaondoka na nyuzi za mbao.

Ukishindwa kutambua, tafuta pakiti au mrija uliotumika. Kwa sababu hiyo Kamati inaomba: mrija ukiisha usiutupe. Uletwe ofisini, ufungiwe kwenye msumari pamoja na karatasi ya siku ya kazi.

5. VIFAA

Panga lipumzike. Patasi yenye makali ipumzike. Chupa iliyovunjika ipumzike zaidi ya vyote. Kamba ya chuma ya kusugulia masufuria nayo isitumike, maana vipande vyake hubaki ndani ya mbao na kuota kutu.

Vifaa vya kazi hii ni vya kawaida na vingine havina bei:

- Kabari ya mti mgumu au ya mwanzi, iliyochongwa iwe bapa, pembe zake zimeviringwa.
- Kipande cha plastiki ngumu, kama kilichokatwa kwenye dumu bovu, kingo zake zimelainishwa.
- Kisu kimoja chembamba kwa ajili ya kukata tu, kisikwangue.
- Matambara safi, mengi.
- Maji ya moto na sabuni.
- Mafuta ya taa kidogo ndani ya kopo lenye kifuniko.
- Mafuta ya kupikia kwa ajili ya mikono.

Kanuni ni moja: kifaa kiwe laini kuliko ubao. Kabari ya mwanzi ikikosea inavunjika yenyewe. Panga likikosea ubao ndio unaoumia. Bora kuchonga kabari kumi kuliko kutafuta ubao mmoja wa mvule kwa bei za siku hizi.

6. NAMNA YA KUFANYA

Kwanza jaribu mahali padogo pasipoonekana, pa ukubwa wa kiganja. Ngoja uone rangi na mbao vinasemaje. Ndipo uendelee.

Pili, fuata uzi wa mbao. Usikwangue kwa kukata uzi. Mkwaruzo unaokatiza uzi hushika maji, na maji yakikaa, kuoza kunafuata.

Tatu, na hapa ndipo tulipoangukia sisi: tenganisha kabla ya kuondoa. Kalafati iliyopotea njia mara nyingi bado imeungana na ile iliyo kazini ndani ya mshono. Ukiivuta ya nje, ya ndani inafuata kama mzizi. Kwa hiyo pitisha kisu chembamba kando ya mshono, kikiwa kimelala, ukate ile sehemu ya nje. Mama anapomenya ndizi kisu chake hupita chini ya ganda tu, hakimegi ndizi. Fanyeni hivyo hivyo. Nywele za pamba zilizotokeza zikatwe, zisivutwe.

Sasa tuchukue aina moja moja.

LAMI. Ifanyie kazi alfajiri, kabla jua halijapanda, maana wakati huo ni ngumu. Weka kabari chini ya ukingo wa doa, gonga polepole, itaruka vipande. Ikishaanza kunata, acha, rudi kesho. Anayelazimisha saa sita mchana hupaka lami upya ubavu mzima. Ule weusi unaobaki, ufute kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo. Tunasema kilicholowa. Usimwage mafuta juu ya ubao, kwa sababu yatateremka hadi kwenye mshono na kuyeyusha lami iliyo nzuri. Futa kutoka pembeni mwa doa kuelekea katikati, na kila mara geuza upande safi wa kitambaa. Mwisho osha kwa maji ya sabuni, acha pakauke.

PUTI. Ikiwa bado mbichi inatoka kwa kabari na kitambaa. Ikiwa imekauka, weka juu yake kitambaa cha maji ya moto, ngoja, kwangua kidogo kidogo, weka tena. Ikikataa isilazimishwe. Iliyoshika kiasi hicho, ipunguze tu mpaka ilingane na ubao, kisha ipakwe rangi. Puti inakubali rangi, haina ugomvi na mtu.

SILIKONI. Ikiwa imemwagika sasa hivi, usiisugue kwa maji wala kwa vidole, utaitapanya. Ondoa donge kwa kipande cha plastiki, halafu iliyobaki iache ikauke kabisa, siku nzima, na zaidi kama ni nene. Ikishakuwa mpira, inua ukingo kwa kabari, ishike kwa vidole, ivute polepole ikijikunja juu yake yenyewe, ikiwa karibu na ubao. Usiivute kwenda juu kwa ghafla. Utando mwembamba utakaobaki usugue kwa kidole gumba na kitambaa kikavu kizito mpaka ujiviringe na kutoka. Spiriti kidogo kwenye kitambaa husaidia mwishoni. Msasa usitangulie. Msasa juu ya silikoni unaieneza na kuiingiza ndani ya mbao, na baadaye rangi itakataa kushika.

GUNDI YA MPIRA. Hii ukiiwahi ikiwa mbichi, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinatosha. Usitumie spiriti, maana spiriti huizuia isikauke, na ikigusa iliyo ndani ya mshono utakuwa umeharibu kazi nzima. Ikiwa imekwisha kukauka, usiivute kamwe. Ikate vipande vyembamba kwa kisu kilicholala, safu baada ya safu, mpaka ubaki utando tu. Utando huo, ndio, unaweza kupigwa msasa laini kwa kufuata uzi. Ni kazi ya saa nyingi. Ng'ombe hang'olewi kupe kwa jembe.

7. YALIYOKATAZWA

Petroli imekatazwa. Wengine husema inasafisha haraka. Ni kweli, na inawaka haraka pia. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini ya chombo kama maji, usiuone. Anayekuja baadaye na sigara au kiberiti ndiye atakayelipa.

Moto umekatazwa. Usipitishe mwenge wala makaa ubavuni ili lami ilainike. Lami ya nje ikiyeyuka, na ya ndani ya mshono inatoka pamoja nayo. Zaidi ya hapo, mbao kavu yenye pamba na mafuta ni kuni.

Tindikali za betri na dawa kali usizozijua zimekatazwa. Zinakula misumari na mabati, na zinakula mikono.

Hata mafuta ya taa tunayoyaruhusu yasitumiwe karibu na moto, wala na mtoto. Mikono ikichafuka kwa lami, paka mafuta ya kupikia au samli, sugua, kisha osha kwa sabuni. Ni salama kwa ngozi kuliko mafuta ya taa.

8. BAADA YA KUONDOA

Kazi haijaisha. Tulipopongezana sisi ndipo tulipokosea, kwa sababu rangi ilifunika jeraha kabla ya mtu kulikagua.

Pitisha kidole juu ya mshono wote. Penye shimo au pamba iliyolegea, patiwe pamba upya kabla ya rangi. Penye mkwaruzo, ubao ulainishwe, ukaushwe, upakwe rangi ya kwanza ili maji yasipate mlango.

Kisha mimina ndoo chache za maji ndani ya mtumbwi ukiwa bado nchi kavu, watu wawili wazunguke nje waangalie panapotoa jasho. Watie alama kwa mkaa. Yakifungwa hayo, mtumbwi ushushwe kwenye maji ya kina kifupi, ufungwe, ulale usiku kucha. Asubuhi tutazame ndani. Mbao zikilowa zinavimba, na maji kidogo ya usiku wa kwanza ni ya kawaida. Ya usiku wa pili si ya kawaida.

Matambara yenye mafuta yasikunjwe na kurundikwa. Yaanikwe wazi yakauke, hasa yaliyofuta mafuta ya kitani ya kwenye puti, maana hayo hujipasha joto na kuweza kujiwasha yenyewe. Vipande vya lami na silikoni visitupwe ziwani wala kibanjani. Viwekwe kwenye debe na kupelekwa kwenye shimo la taka lililo mbali na maji. Maji yale yale tunayochafua ndiyo tunayoteka.

9. NENO JUU YA BOTI ZA FAIBA

Kijana mmoja aliuliza, "Na hizi boti mpya za faiba?" Swali zuri, maana zinaonekana ziwani siku hizi, nasi huenda siku moja tukapata. Faiba haina uzi wala haivimbi. Lakini juu yake kuna ngozi nyembamba inayong'aa, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Ikikwaruzwa, maji yanaanza kupenya taratibu. Basi kwa faiba tumieni plastiki na vidole tu, hata kisu kikae mbali isipokuwa kwa mkono uliozoea. Lami ya moto isikaribie kabisa.

10. TUNACHOOMBA MKUTANO UKUBALI

Ndugu wanachama, hatukuja kueleza tu. Mnaujua mtumbwi wa akina mama, ule wa kuvushia mizigo. Umelala mwaloni ubavu wake wa kulia umejaa lami iliyochuruzika, na namba yake inasomeka nusu. Akina mama wameuliza mara mbili: "Mtausafisha lini?" Na tumesikia baadhi yetu wakisema, "Nipeni panga, saa moja tu umekwisha."

Tunaomba haya:

Kwanza, mtumbwi huo usiguswe mpaka mbalamwezi ijayo. Ufanyiwe kazi asubuhi tatu, kuanzia alfajiri hadi saa mbili, basi.

Pili, vijana wanne wachongewe kabari na wafundishwe na fundi wetu mzee, na yule aliyeshika panga siku ile awe mmoja wao. Tunasema hivi makusudi, wala hatumwadhibu. Yeye sasa anajua kuliko sisi sote panga linafanya nini.

Tatu, mtumbwi usirudi kazini mpaka ulale majini usiku mbili, na akina mama wenyewe watazame ndani na kuridhika. Chombo ni chao na mizigo ni yao. Macho yawe yao.

Nne, gharama ya dagaa waliomwagwa na ubao ulioharibika itolewe katika mfuko wa chama, asidaiwe mtu mmoja. Tuliamua pamoja kukwangua, tulipe pamoja.

Mzee mmoja alisimama akapinga hili la nne. Alisema, "Mkilipa kwa pamoja, kila mtu atafanya uzembe." Tulimheshimu na tukamjibu hivi: baba, tukimlipisha aliyekubali kosa, mara nyingine atapaka rangi juu ya jeraha akanyamaza. Na hasara ya jeraha lililonyamaziwa hailipwi kwa fedha. Mzee alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi, lakini hizo kabari nitazikagua mimi." Tumekubali kwa furaha.

Ndugu zangu, ninyi mnaochuma kahawa mnajua kwamba tawi halikwanyuliwi. Anayekwanyua anajaza kikapu leo, na msimu ujao analitazama tawi tupu. Chombo nacho ni hivyo hivyo. Kinatulisha polepole, nasi tukisafishe polepole.

Wanaotaka kujifunza wafike mwaloni alfajiri ya siku ya kwanza ya kazi. Kila mtu aje na tambara lake. Panga liachwe nyumbani, lina kazi zake migombani.

Ushirika ni nguvu.

Ni sisi,
Kamati ya Vyombo, Izigo

(Mkutano ulikubali maombi yote manne. La nne lilipita kwa kura nyingi, si zote.)